Misumari ya Mwenzake



Mtaniuliza: mtu aliyekuwa akipanda mawe huko Marekani, atufaa nini sisi? Sisi tukipanda mlima twafuata mbuzi, au twakwenda shamba, au twakimbia vita. Hakuna mtu kwetu anayeamka asubuhi, akaacha kazi yake, akatafuta jabali lisilo na njia, akalipanda hata juu, kisha akashuka mikono mitupu. Mzee mmoja jirani yangu, nilipomsimulia habari hizi, aliuliza swali moja tu: «Na huko juu kulikuwa na nini?» Nikajibu: «Hakuna kitu, Mzee. Miti kidogo na upepo.» Akacheka mpaka akakohoa.

Basi, acheni acheke. Mimi nataka kusema habari za mtu huyo kwa sababu ya jambo moja tu alilolifanya, tena jambo ambalo wengi waliompenda wangependa lisahauliwe. Neno lenyewe ni hili: mtu wa heshima akifa, je, tumkumbuke pamoja na kosa lake, au tuliache kosa liende naye kaburini? Na lile alilolifanya, lilikuwa kosa kweli? Hapo ndipo penye mashaka.

Jina lake Royal Robbins. Alizaliwa mwaka 1935 katika nchi ya West Virginia, akakulia mji wa Los Angeles, na huko uskauti ndio uliomwonyesha miamba. Alikufa tarehe 14 Machi 2017 katika mji wa Modesto, California, mwenye miaka 82. Katika wapanda miamba wa Marekani hakuna wengi walioheshimiwa kumpita. Hawakumheshimu kwa nguvu ya mikono tu, maana wenye nguvu walikuwa wengi. Walimheshimu kwa sababu aliuliza daima: nimefika juu, vema, lakini nimefikaje?

Katika California kuna bonde liitwalo Yosemite. Kandokando yake yamesimama majabali ya graniti, mengine wima kama ukuta wa kanisa. Lile linaloitwa El Capitan lina kimo cha metre 900 hivi. Panga minara kumi ya kanisa, mmoja juu ya mwingine, hujafika juu bado. Mtu hawezi kulimaliza kwa siku moja, isipokuwa mabingwa wa siku hizi. Watu wa zamani walilala humo humo ukutani, wamening'inia katika vitanda vya kamba, maji na chakula ndani ya mfuko, na chini yao hewa tupu.

Mwaka 1957 Robbins na wenzake wawili, Jerry Gallwas na Mike Sherrick, walipanda ukuta wa jabali jingine la bonde lile, Half Dome, wenye kimo cha metre 600 hivi. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kupita hapo. Walikaa siku tano ukutani. Mtu mwingine, Warren Harding, alikuwa ameutamani ukuta ule ule, akachelewa. Alifanya nini? Alizunguka mlima kwa njia ya miguu, akapanda mpaka kileleni, akawangojea huko ili awapongeze. Shikeni sana jina la Harding, maana habari yetu ni ya watu wawili.

Harding alikuwa mpima ardhi wa barabara, mtu wa kicheko, mpenda divai, mwenye ukaidi kama wa punda. Alipokosa Half Dome aliligeukia El Capitan lenyewe, jabali ambalo kila mtu alisema haliwezekani. Alifanya kazi humo siku 45, alizozigawanya katika miezi kumi na minane hivi, akipanda na kushuka kwa kamba alizoziacha ukutani. Usiku wa mwisho alitoboa matundu 28 kwa mkono, gizani, mpaka kulipokucha, akatokea juu tarehe 12 Novemba 1958 pamoja na Wayne Merry na George Whitmore. Miaka miwili baadaye Robbins na wenzake watatu waliipanda njia ile ile kwa siku saba mfululizo, bila kuacha kamba mpaka chini. Waliopenda kusifu, walisifu wote wawili. Waliopenda kupima, walianza kupima.

Hapa sharti nieleze habari ya vyuma, kwani bila hiyo hamtaelewa ugomvi. Kuna chuma cha namna mbili. Cha kwanza ni kipande bapa ambacho mpandaji hukipiga kwa nyundo ndani ya ufa wa jiwe, akafunga kamba yake humo. Ufa usipokuwapo, chuma hicho hakina kazi. Cha pili ni msumari: mtu hutoboa tundu katika jiwe zima, polepole, kwa nyundo na keekee ya mkono, kisha hupigilia msumari humo. Huu hauulizi kama kuna ufa au hakuna. Mwenye subira na misumari ya kutosha aweza kupanda jabali lolote la dunia, hata kama mikono yake haijui kitu. Kwa hiyo Robbins alisema misumari iwe michache kabisa, itumiwe pale ambapo hakuna namna nyingine. Mwaka 1961, pamoja na Tom Frost na Chuck Pratt, alifungua njia mpya katika El Capitan kwa misumari 13 tu. Ukuta mzima, metre 900, misumari 13!

Baadaye alikwenda mbele zaidi. Huko Uingereza aliwaona wapandaji ambao hawapigi hata chuma cha ufa: walichukua nati za masini, wakazipitishia kamba, wakazikabidhi kwenye ufa kwa vidole, na wa mwisho alipopita alizitoa kwa vidole vile vile. Jiwe lilibaki kama lilivyokuwa. Aliporudi kwao mwaka 1967 alipanda njia mpya huko Yosemite pamoja na mke wake Liz, kwa nati peke yake, bila nyundo. Watu walikuwa wameanza kuona kwamba nyufa za bonde lile zapanuka mwaka kwa mwaka, zachakaa kama ngazi za nyumba ya zamani, kwa ajili ya vyuma kupigwa na kung'olewa, kupigwa na kung'olewa. Nafikiri katika kazi zake zote hii ndiyo iliyofaa watu wengi. Lakini si ndiyo niliyokuja kuisema.

Mwaka 1970, mwezi wa Oktoba, Harding aliingia tena katika El Capitan, upande ule unaopigwa na jua la kwanza la asubuhi, pamoja na kijana Dean Caldwell. Upande huo hauna nyufa nyingi. Walitoboa. Walitoboa matundu zaidi ya 300. Mvua na theluji ziliwakuta, chakula kikawa haba, wakuu wa bonde wakatuma watu wa kuwaokoa. Wao wakapaza sauti toka ukutani kwamba hawataki kuokolewa. Walifika juu tarehe 18 Novemba, baada ya siku 27, wakakuta waandishi wa magazeti wanawangoja. Amerika yote ilisoma habari zao.

Robbins hakufurahi. Matundu 300 na zaidi! Aliona kwamba hapo mpaka umevukwa, na kama watu wa maarifa wakinyamaza, kila ukuta utageuka ngazi. Basi mwezi wa Februari 1971 alianza kuipanda njia hiyo, yeye na Don Lauria, naye alichukua patasi. Kila walipopita msumari, aliukata. Nia yake ilikuwa kuifuta njia yote toka chini hata juu, isiwepo tena.

Alikata sehemu za kwanza. Kisha akaacha. Katikati ya misumari ile alikuta mahali pagumu sana, ambapo Harding na Caldwell walipita kwa ufundi na kwa ujasiri, wakitegemea vipande vidogo vilivyoshika kwa shida. Alikuwa ametazamia kuona kazi ya mtu mvivu mwenye keekee. Akakuta kazi ya fundi. Patasi akairudisha mfukoni, akapanda njia iliyobaki mpaka mwisho pamoja na mwenzake, na misumari ya juu akaiacha ilivyo.

Hayo ndiyo mambo yenyewe. Sasa tuyafikiri.

Wengine walisema: hakuwa na haki hata ya kuanza. Nani alimweka awe hakimu? Jabali halina mwenyewe, na mtu aliyetumia siku 27 ndani ya theluji amepata haki ya kuiacha alama yake. Tena wana neno jingine, na ni neno zito: mwaka 1969, yaani mwaka mmoja tu kabla ya Harding, Robbins mwenyewe alifungua njia katika Half Dome, na humo alitoboa matundu zaidi ya mia. Nyani haoni kundule. Mia ni ruhusa, mia tatu ni dhambi; mpaka uko wapi, nani aliuchora?

Sikubali yote hayo. Kwamba mtu amekosa jana haimfungi mdomo leo. Ingekuwa hivyo, hakuna mzazi angeweza kumwonya mtoto wake. Na kwamba jabali halina mwenyewe, hiyo yaweza kusemwa pande zote mbili: kama halina mwenyewe, hata Harding hakuwa na ruhusa ya kulitoboa. Lakini nakubali jambo moja. Robbins aliihukumu kazi ile akiwa chini, kwa kusikia hesabu yake. Mia tatu! Hesabu ilimtosha. Hakuwa ameigusa.

Wengine tena walisema kinyume: kosa lake lilikuwa kuacha. Kama misumari ilikuwa mibaya asubuhi, basi hata jioni ilikuwa mibaya. Eti kazi ya katikati ni nzuri! Mwizi aliyejenga nyumba nzuri kwa fedha ya wizi, je, fedha imetakata? Mtu wa msimamo angemaliza alichoanza.

Neno hili lilinisumbua siku nyingi, kwa maana linafanana na kweli. Lakini tazameni vizuri Robbins alikuwa anatetea kitu gani. Hakusema kwamba msumari ni haramu. Yeye mwenyewe aliutumia. Alisema kwamba msumari usichukue nafasi ya ufundi na moyo. Alikata kwa sababu aliamini kwamba hapo umechukua nafasi hiyo. Alipofika mahali akaona kwa macho, na kwa vidole vyake vinavyotetemeka, kwamba ufundi upo na moyo upo, sababu ya kukata ilikuwa imekwisha. Sheria yake ilibaki pale pale. Alichokuwa amekosea ni habari za mwenzake. Kama angeendelea kukata baada ya kujua, hapo ndipo angeivunja sheria yake mwenyewe, na patasi ingekuwa ya hasira tu.

Tena angaliweza kuifuta njia kwa namna nyingine. Angaliweza kuzunguka kwa njia ya miguu, akashuka kwa kamba toka juu, akakata akishuka. Mtu ashukaye kwa kamba haoni ugumu wowote. Yeye aliipanda njia ya Harding kwa mikono, hatua kwa hatua, akichukua mzigo ule ule. Nasema hiyo ndiyo iliyomwokoa.

Hata hivyo, ile iliyokatwa ilikatwa. Kujuta hakurudishi chuma katika tundu. Na sisi hatujui kabisa moyoni mwake mlikuwa na nini asubuhi ile, kama ni upendo wa jabali peke yake, au pia uchungu wa mtu aliyefanya makubwa kwa ukimya akaona mwingine anasifiwa katika magazeti yote. Labda vyote viwili. Kwa binadamu mara nyingi ni vyote viwili.

Nimekwisha kuona mazishi mengi. Kwetu mtu akifa, twampaka mafuta mara mbili, mara ya pili kwa maneno. Mlevi huwa «mtu wa watu», mgomvi huwa «mtu wa kweli». Si uongo mbaya, ni huruma, na mjane aliyekaa chini anauhitaji. Lakini kuna hasara yake. Tukimfanya marehemu kuwa sanamu, vijana hawapati kitu cha kushika. Kijana aliyekosea akimtazama mtu asiyewahi kukosea, atasema: huyo si wa kabila langu. Na wako wengine, hasa siku hizi, wanaofanya kinyume: wakigundua doa moja, wanaangusha sanamu yote kwa furaha. Hao nao wameihukumu kazi wakiwa chini.

Sitaki kusema haya kama mtu aliye nje. Mimi pia nilishika patasi.

Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu kijana wa miaka 24, nikapewa korali ya parokia. Aliyeiongoza mbele yangu alikuwa mzee ambaye alihamishiwa kanisa dogo la kilima cha pili. Aliniachia kaye nene, nyimbo alizozitunga mwenyewe kwa miaka mingi. Mimi nilikuwa nimesoma muziki kidogo. Kidogo kweli, lakini kiasi cha kunitia majivuno. Nilifungua kaye nikaona sauti za ngoma, sauti za gita, sauti za wanawake watwangao. Nilisema: huu si muziki wa kanisa. Hakuna aliyenituma. Usiku mmoja nilikaa karibu na jiko nikaanza kuchana karatasi moja moja na kuzitia motoni, ili mtu asije akaimba tena mambo yale. Nilichana nyimbo 17.

Ya 18 ilikuwa wimbo wa kumzika mtoto mchanga. Sijui kwa nini sikuichana upesi kama nyingine. Labda mkono ulikuwa umechoka. Niliisoma, kisha nikaiimba polepole. Ilikuwa sauti ya wanawake watwangao, ile ile niliyoidharau, lakini imepunguzwa mwendo mpaka kila pigo la mchi limekuwa kama hatua ya mtu anayebeba kitu kidogo sana mikononi. Ndipo nilipokumbuka kwamba yule mzee alikuwa amezika watoto wawili.

Kaye nikaifunga. Wimbo ule nikaufundisha, na hata leo unaimbwa kwetu, wala sikusema ni wa nani. Zile 17 hazipo. Mzee alikuwa akikaa mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwangu, na kwa miaka 21 sikupata siku ya kwenda kumwambia. Nilipata siku za kwenda sokoni. Alipokufa, mwaka 2004, waliniomba niseme neno kaburini, maana nilikuwa nimerithi kazi yake. Nikasema alikuwa mtu wa saa, asiyechelewa mazoezi, mpenda kanisa. Watu wakaitikia. Yote yalikuwa kweli.

Kwa hiyo naposoma kwamba Robbins aliacha patasi, namwonea wivu jambo moja: yeye alikosea mbele ya watu. Kila mtu alijua. Wapandaji walibishana habari ile miaka kwa miaka, naye akaishi nayo. Harding naye aliishi, hakuwa mtu wa kununa. Mwaka 1975 alitoa kitabu cha kuchekesha juu ya kupanda miamba, na wale wenzake wa sheria nyingi alikuwa akiwaita, kwa dhihaka, Wakristu wa Bondeni. Nilipoisoma hiyo nilicheka, kisha nikanyamaza. Maana aliyetuchora vile alikuwa ametuona mahali. Harding alikufa mwaka 2002, miaka kumi na mitano mbele ya Robbins. Na leo huwezi kusimulia habari za mmoja bila kumtaja mwingine. Misumari iliyokatwa imewafunga pamoja kuliko ile iliyobaki.

Mzee jirani yangu, yule aliyecheka, aliniuliza tena siku nyingine: «Yule mtu wa patasi, alipoacha kukata, kulikuwa na mtu anamtazama?» Nikasema: mwenzake mmoja tu, katika kamba. Akatikisa kichwa. «Basi angaliweza kumaliza,» akasema, «na kule chini wangalimsifu.»

Mwezi uliopita binti wa mwalimu wangu wa korali alikuja kwangu. Yeye sasa anafundisha watoto kuimba kule kilimani. Akanisalimu vizuri, akakaa, akauliza: «Baba, watu wanasema marehemu baba yetu aliacha kaye ya nyimbo huku kwenu. Je, mliiona?» Nikamwambia nitatafuta. Wala hakuna kilichopotea: imo ndani ya sanduku chini ya kitanda, nayo imekaa humo miaka arobaini na zaidi.

Jana nimeitoa, nikapangusa vumbi. Mwanzoni, pale karatasi zilipochanwa, vimebaki vipande vyembamba kwenye uzi, kumi na saba, na juu ya vingine yaonekana bado herufi moja moja ya mwandiko wake. Nilishika mkasi ili nivikate vizuri, kaye ipate kupendeza. Nikauweka chini. Jumapili baada ya Misa nitampelekea hivyo hivyo, naye ataniuliza.